Ritifaa ya Ng'ombe

Asubuhi ile watu wa Wingwi walipomletea daktari ngazi, ngoma na mafurushi ya nguo, mimi nilikuwa ofisini Chake Chake nakunywa chai, nikiamini kazi yangu imekwisha na imekwisha vizuri.

Nilikuwa mtu wa kompyuta katika mradi mdogo wa chanjo ya mifugo. Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, na wafanyakazi wake tulikuwa watatu. Kwanza mkuu wetu, mtu wa Unguja mjini, mpole, nadhifu, aliyeletwa Pemba akaipokea kama mtu anavyopokea dawa chungu, kwa adabu. Halafu daktari wa mifugo, mzaliwa wa Wingwi, mtu wa sauti kubwa na mikono mikubwa, aliyewajua ng'ombe wa kaskazini kwa sura kuliko alivyowajua wajomba zake. Na mimi, mtoto wa Vitongoji, niliyekwenda Dar es Salaam kusomea kompyuta nikarudi na cheti na miwani.

Ilikuwa miaka ile simu janja ndiyo kwanza zinaingia kisiwani. Mkuu wetu alikuwa nayo. Vijana wa mjini wachache walikuwa nazo. Wafugaji karibu wote walikuwa na vitochi, zile simu ndogo zenye tochi kichwani, zinazoanguka kisimani zikatolewa, zikaanikwa juani na kuendelea kuita. Mradi ulitaka kila mfugaji apate ujumbe kwenye simu yake siku ya chanjo inapokaribia. Kazi ya kuufikisha ujumbe huo ilikuwa yangu.

Ujumbe wa Wingwi aliuandika daktari mwenyewe, kwenye kompyuta ya ofisi. Ulisema: "Kesho asubuhi leteni ng'ombe wenu uwanja wa skuli wachanjwe chambavu." Mtu yeyote wa Pemba angeuelewa; chambavu ni ugonjwa unaovimbisha misuli ya ng'ombe na kuwaua haraka. Mimi niliusoma kwenye skrini, nikabonyeza, na ukaenda.

Kilichofika kwenye vitochi ni hiki: "Kesho asubuhi leteni ng".

Basi. Hapana zaidi. Na kwa kuwa mradi wetu ulikuwa na sifa ya kuleta mambo ya kheri, watu hawakukasirika wala hawakudharau. Walikaa wakafikiri. Waliofikiri nguo walifunga nguo kuukuu, wakidhani zinabadilishwa kwa mpya. Waliofikiri ngoma walikuja na ngoma zao, wakiuliza ni mgeni gani anayepokewa. Mmoja alikuja na ngazi ya kuangulia karafuu, akaisimamisha uwanjani, akangoja chini yake. Na mzee mmoja alikuja mikono mitupu, mwenye furaha kuliko wote, akamshika daktari mkono.

"Alhamdulillahi mmetusikia," alimwambia. "Wamo shambani kwangu hivi sasa. Wamenimalizia muhogo wote. Njooni mwachukue."

"Wamo kina nani, mzee wangu?"

"Hao mliowataka. Nguruwe mwitu. Nimeona hata kuwaandika mmeona haya, mkaishia kwenye ng."

Daktari alinisimulia haya mchana, amesimama mlangoni, buti zina matope, boksi la barafu bado lipo begani na dawa yote imo ndani kama ilivyotoka. Hakuwa amekasirika. Hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa ametulia kama mtu aliyemwona shetani akamwamkia.

"Binti," aliniambia, "mie nimewachanja ng'ombe wa Wingwi tangu hapana simu. Nlikuwa nikipita na baskeli nikipiga kelele. Wallahi kelele zangu hazijapata kukatika katikati ya neno."

Nilianza kutafuta kosa. Kwenye skrini yangu ujumbe ulikuwa mzima. Nilipojitumia mwenyewe ulifika umekatika. Mkuu wetu alitoka chumbani kwake, akauandika ujumbe uleule kwenye simu janja yake na kuupitisha katika mtambo wetu uleule hadi kwenye simu hiyohiyo. Ulifika mzima, na alama yake, na nukta yake.

"Kwangu unakuja vizuri," alisema, akanionyesha.

Nimefanya kazi hii miaka mingi tangu siku hiyo, na nimejifunza kuyaogopa maneno hayo kuliko radi.

Ilinichukua muda kufahamu, na nilipofahamu nilitamani nisingefahamu. Kosa lilikuwa lile doa dogo linaloelea juu ya ng, ambalo sisi ofisini tulikuwa tukiliita kidoto cha juu. Daktari, aliyesoma skuli za zamani, ndiye aliyetukumbusha kwamba lina jina lake: ritifaa. Programu yetu ilikuwa kongwe, tuliyoirithi kutoka mradi mwingine uliokufa, na iliitumia ritifaa kama ukuta wa nyumba. Kila ujumbe ulianza kwenye ritifaa na kuisha kwenye ritifaa. Ikikuta ritifaa katikati, basi kwake hapo ndipo nyumba inapoishia, na yaliyobaki nje si yake. Ng'ombe wetu walikuwa wanabaki nje.

Mbona basi wa mkuu wetu walipita? Kwa sababu simu janja ina tabia ya kurembesha. Ukiandika ritifaa iliyosimama wima, yenyewe inaipinda kidogo, kama nyusi. Ile iliyopinda programu yetu haikuijua kuwa ni ukuta, ikaiacha ipite.

"Basi jibu si hilo?" mkuu wetu alisema. "Niandike mimi kwenye simu yangu. Shughuli imekwisha."

Nilitaka kumwamini. Lakini nilitaka kwanza kuona kwenye kitochi, na kitochi nilichokuwa na haki nacho kilikuwa cha mama yangu, Vitongoji. Nikamtumia. Nikabadilisha kidogo, nikatuma tena. Nikajaribu kwa ritifaa hii na ile, kwa neno moja tu ili nisimchoshe, kisha nikasahau, maana simu za ofisi zilikuwa zinaita na mkuu alikuwa ananiita.

Jioni nilipofika nyumbani nilimkuta mama ameketi barazani, na jirani zetu wawili wameketi naye, nyuso zimewashuka kama waliofiwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Kuna mtu ananitukana."

"Nani?"

"Simjui. Nambari siijui. Mchana kutwa. Simu inalia, nikifungua: ng'ombe. Naiweka. Inalia tena: ng'ombe. Mie nimemkosea nani, mwanangu, hata niitwe ng'ombe uzeeni?"

Jirani mmoja alisema aliyefanya hivyo laana itamfika. Mwingine alikwisha kumtaja mtu anayemshuku, mwanamke mmoja waliyekosana naye kwa ajili ya kuku, na walikuwa wanapanga kwenda kwake baada ya magharibi wakamwulize. Ikanibidi niseme. Nilisema ni mimi. Nilijaribu kueleza kuhusu programu, ukuta na nyusi. Walinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Kwa hiyo," mama alisema taratibu, "umekwenda kusoma Dar es Salaam, umerudi, unanitukana kwa kompyuta."

Alipomaliza kucheka, na jirani walipomaliza, alinipa simu niangalie. Ritifaa iliyopinda, ile ya mkuu wetu, kwenye kitochi ilikuwa kijisanduku kitupu: ng, sanduku, ombe. Kulikuwa na ubaya zaidi. Herufi moja ngeni kama ile ikiingia katika ujumbe, kitochi hubana nafasi ya ujumbe mzima, kwa hiyo ujumbe mrefu niliomtumia mwanzo ulikuwa umevunjika vipande viwili, na kipande cha pili kilifika mbele ya cha kwanza. Mama alikuwa ameambiwa "wachanjwe chambavu" kabla hajaambiwa ni akina nani.

Siku ya pili tulikutana watatu, kuzunguka meza ya mkuu, kuamua. Nilieleza kwamba ritifaa iliyosimama wima ndiyo inayosomeka kwenye simu zote, ndogo na kubwa, isipokuwa programu yetu inaila. Ile iliyopinda programu haiili, ila vitochi vinaitapika. Kununua programu mpya kungetaka kompyuta mpya, na kompyuta mpya haikukubali kuzungumza na ile modemu yetu ya zamani iliyokuwa ikituma ujumbe. Nilijaribu. Zilikaa zimeunganishwa kwa waya kama mke na mume waliotalikiana wakakutanishwa kwa ndugu.

"Tuliache neno lenyewe," mkuu wetu alisema. "Lugha yetu tajiri. Tutakosa la kusema badala ya ng'ombe?"

Tukajaribu. Zamu ilikuwa ya Vitongoji, na mkuu aliuandika ujumbe kwa mkono wake: leteni wanyama wakubwa wenye kufugwa. Ulifika salama salimini kwenye simu zote, ndogo na kubwa. Na asubuhi wakafika punda. Walifika na mikokoteni yao, kwa utiifu kabisa, na daktari akajaribu kuwaeleza wenyewe kwamba chambavu si ugonjwa wa punda.

"Huyu si mnyama?" mwenye punda alimwuliza.

"Ni mnyama."

"Si mkubwa?"

"Mkubwa."

"Hafugwi?"

"Anafugwa."

"Basi daktari, weye una neno gani na punda wangu?"

Wenye ng'ombe nao walikaa nyumbani. Walisema walidhani wanaitwa wenye punda, kwa sababu kama ni ng'ombe si wangeandika ng'ombe? Mara iliyofuata mkuu alirekebisha, akaandika wanyama wenye pembe, na uwanja ukajaa mbuzi mpaka hapakuwa na pa kukanyaga. Daktari alirudi akaweka boksi lake la barafu mezani kwa mkuu, juu ya karatasi zake.

Hapo nikatoa shauri ambalo fundi yeyote angelitoa tangu mwanzo. Tuiondoe ritifaa. Tuandike ngombe, hivihivi. Kila mashine ingeipitisha, kila simu ingeionyesha, na kila Mpemba angefahamu. Mkuu alifurahi mpaka akasimama.

Daktari alikataa. Sikutegemea. Nilidhani mtu aliyeshika ng'ombe kwa pembe hawezi kujali doa.

"Ngombe ni mdudu gani?" alisema. "Soma kama ulivyoandika. Ngo-mbe. Kama ngoma. Nani aliyezaa ngombe?"

"Watafahamu, daktari."

"Watafahamu, ndiyo. Hata ukiwaandikia nombe watafahamu. Lakini nikuulize. Mwezi ujao nataka kuwaandikia kabla ya kuja wang'oe kupe. Utaandikaje?"

Nikaliandika neno kwenye karatasi, bila ritifaa.

"Utaandika wangoe. Na mie nikitaka kuandika kung'oa, utaandika kungoa. Ngoa ni nini?"

Mkuu wetu, aliyekuwa bado amesimama, alijibu kwa sauti ndogo, "Wivu."

"Wivu na tamaa. Basi tutawaandikia Wapemba waje na ngoa zao uwanja wa skuli. Tutapata pa kuwaweka?"

Mkuu aliketi. Mimi nilicheka, halafu nikaona kwamba daktari hatanii. Alisema watoto wanawasomea wazee ujumbe wetu, nyumba nzima inasikiliza, na anayesoma hujifunza kuandika kwa anachokisoma. Alisema kama mashine haiwezi kuandika mnyama wetu, tuibadilishe mashine, si mnyama. Nilitaka kumwambia kwamba mnyama ni rahisi kubadilisha. Nikaogopa.

Kulikuwa na njia moja zaidi, nami nilikuwa nikiikwepa kwa sababu ilikuwa mbaya kwa macho. Ukiandika ritifaa mbili zikifuatana, ile programu kongwe hufahamu kuwa hapa si ukuta, hapa ni ritifaa ya kweli, ikapeleka moja nje. Kwenye kitochi ingefika ng'ombe, safi, wima. Tabu ni kwamba ujumbe wetu ulikuwa na mlango wa pili. Mbali na simu, kila tunachotuma kilionekana pia kwenye ukurasa wa mtandaoni, uliotengenezwa na watu wa mbali kwa ajili ya wageni wanaofadhili mradi. Ukurasa ule nilikuwa sina ruhusa ya kuugusa. Na ukurasa, kwa kuwa ni wa kisasa, ungeonyesha kila kitu kama kilivyo: ritifaa mbili, ng''ombe, kama mtu aliyefungua mazungumzo akasahau kusema.

Nilimwonyesha mkuu kwenye skrini. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Wageni wataona hivi?"

"Ndiyo, mkuu."

"Kila mahali penye ng'ombe?"

"Kila mahali."

"Watasema hatujui kuandika."

"Wageni hawajui Kiswahili," daktari alisema.

"Lakini macho wanayo."

Walivutana hapo muda mrefu. Mkuu hakuwa mtu mbaya, na nataka nimtendee haki. Alikuwa ameaminiwa ofisi yenye vyumba viwili, na katika vyumba hivyo kitu pekee kilichong'aa kilikuwa ule ukurasa. Alikuwa akiufungua kila asubuhi kabla ya chai. Daktari naye aliwataja wafugaji mmojammoja, kwa majina ya ng'ombe wao. Mimi nilikuwa katikati, na kila mmoja alikuwa ananitazama kana kwamba jibu limo ndani ya kompyuta.

Na kwa namna fulani lilikuwemo. Ukurasa ule ulikuwa na mahali panapoonyesha umefunguliwa na nani na kutoka wapi. Sikuwa nimepata kupatazama, kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Nikapafungua, nikifikiri nitaona Ulaya, labda Dar es Salaam.

Chake Chake. Chini yake Chake Chake. Nikashuka mpaka mwisho, Chake Chake.

Niliigeuza skrini. Mkuu alisoma, na nilimwona anavyofahamu, polepole, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Tangu mradi uanze, mtu aliyeutazama ukurasa wa wageni alikuwa yeye.

Daktari angeweza kucheka. Alikuwa na kila sababu, hata ile ya punda. Badala yake aliangalia dirishani, kuelekea barabarani, akauliza kama mvua itanyesha.

"Kwa hiyo," mkuu alisema baadaye, "upande mmoja wafugaji wote wa Pemba."

"Ndiyo, mkuu."

"Na upande wa pili macho yangu."

Na wallahi alifikiri. Aliinuka, akaenda chumbani kwake, tukasikia kiti kinalia. Daktari alininong'oneza kuwa kama mtu huyu ataamua vingine, yeye anarudi kwenye baskeli. Kisha mkuu alirudi mlangoni.

"Weka mbili," alisema. "Nitazoea."

Nikaweka mbili. Kazi yenyewe ilikuwa ya muda mfupi kuliko chai kupoa. Nikawaandikia pia watu wa mbali wa ule ukurasa, kuwaeleza tatizo na kuomba ruhusa ya kulirekebisha upande wao. Walinijibu kwa upole kwamba kwenye mashine zao ukurasa unafunguka vizuri.

Zamu iliyofuata ilikuwa ya Mgogoni, na daktari alisema safari hii nitakwenda naye, nikaone ninachokituma kinafika wapi. Nilivaa viatu vya ofisini. Hakuna aliyenionya.

Walikuja. Tulipofika uwanjani walikuwa wamekwisha kusimama, weusi na wekundu na wa mabaka, wanapiga mikia, na vumbi na harufu yao, na watu wao kando wakisalimiana. Nilisikia joto kifuani ambalo sikulitegemea. Nilipita nikiuliza, kwa kiburi kidogo nakiri, ujumbe umewafikiaje.

"Ujumbe upi?" mzee wa kwanza aliniuliza. Simu yake haikuwa na chaji. Alisikia kwa shemeji yake.

Shemeji yake alisikia kisimani. Mwingine alimwona jirani yake anatoka na ng'ombe, akatoka na wake. Mwingine aliambiwa na sheha, na sheha, nilipomfikia na kumwamkia, alisema kweli ujumbe aliupata, lakini baada ya mambo ya Wingwi na Vitongoji aliona bora ampigie daktari kwanza amwulize mnyama gani.

Daktari alikuwa anavuta dawa kwa sindano, amenipa mgongo, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Mwanamke mmoja tu, mwenye ng'ombe mmoja mwekundu aliyekonda, alitoa kitochi chake katika pindo la kanga akanionyesha bila kuulizwa mara mbili. Ujumbe ulikuwepo mzima. Alikuwa ameusoma mwenyewe, alisema, herufi moja moja, kwa sababu nyumbani kwake hapana mwingine wa kumsomea, na jirani zake wako mbali. Alisema mara hii tumeandika kama watu.

"Ahsante, Bi," nilimwambia.

"Nishikie kamba basi," alisema, "huyu hapendi sindano."

Nikaishika. Daktari alikuja, akampapasa ng'ombe shingoni, akamsemesha maneno ambayo sikuyasikia, na sindano ikaingia. Ng'ombe alirudi nyuma hatua, akaukanyaga mguu wangu, akatulia hapo. Nilipiga kelele mpaka mbuzi wa mbali wakageuka. Mwanamke yule alikuwa anamsukuma na kuniomba radhi kwa wakati mmoja, na daktari, machozi ya kicheko yakimtoka, alimwambia asihangaike, huyu bibi ni mtu wa kompyuta, amwache kwanza amtazame mnyama vizuri.

Nilirudi Chake Chake na kiatu kimoja mkononi. Mkuu wetu aliutazama mguu, akaenda mwenyewe dukani kuniletea barafu, kisha akaketi mbele ya kompyuta yake kuangalia Mgogoni imeingiaje kwenye ukurasa.